Steringi Waliofika Karibu na Meru

Mawingu yakiachia, mtu aliyesimama upande wa Usa River huona milima miwili kwa wakati mmoja: Meru, mita 4,566, nyuma ya bega lake, na Kilimanjaro mbele, kama kilomita 70 kutoka kilele hadi kilele. Kwenye huo wa pili ndiko ilikoanguka ndege ya steringi wa komiki aliyewahi kuwa jirani yetu wa karibu kuliko wote. Nimekusanya komiki za zamani za mashujaa kwa miaka mingi. Kila ninaposoma orodha za rekodi zake zilizoandikwa Marekani (ya kwanza, ya ghali, iliyodumu), huwa najiuliza orodha hiyo ingekuwaje kama ingeandikwa na mtu wa Arusha. Hii ndiyo yangu.

Jirani wa karibu kuliko wote

Anaitwa B'wana Beast. Hiyo alama ya ritifaa katikati ya neno "bwana" ni ya wachapishaji wenyewe, kampuni ya DC ya New York. Alitokea katika toleo la 66 la Showcase, lenye tarehe ya Januari na Februari 1967, akiandikwa na Bob Haney na kuchorwa na Mike Sekowsky. Jina lake la kawaida ni Mike Maxwell, Mmarekani. Ndege aliyopanda na rafiki yake Mwafrika, Rupert Kenboya, inaanguka Kilimanjaro. Maxwell anakunywa maji ya mvua yaliyochujika kwenye miamba ya pango, mwili wake unajaa nguvu, kisha sokwe mkubwa anampa kofia inayomwezesha kuwaamuru wanyama wote.

Tazama tarehe hiyo tena. Mwishoni mwa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Miezi ileile iliyochapwa juu ya jalada la komiki ya mzungu anayetawala wanyama wa Kilimanjaro ndiyo miezi ambayo watu wa chini ya milima hii walikuwa wanajadili nani amiliki ardhi, mabenki na viwanda. Wakusanyaji wenzangu watanikumbusha kwamba tarehe za majaladani zilitangulizwa ili muuza magazeti ajue lini aliondoe toleo mezani, kwa hiyo lenyewe lilitoka mapema kidogo. Ni kweli. Hata hivyo sijawahi kuona majalada mawili ya historia yaliyokaribiana hivi na kutofahamiana kabisa.

Kuhusu yule sokwe, mtu yeyote aliyepanda njia ya Marangu au ya Machame anajua kwamba msitu wa Kilimanjaro una mbega na kima. Sokwe wakubwa wa milimani wako Virunga na Bwindi, mbali sana magharibi. Haney alikuwa mwandishi hodari wa vituko, lakini mlima aliouandika hakuwa ameufahamu.

B'wana Beast alipewa matoleo mawili tu ya Showcase, la 66 na la 67, kisha akawekwa kando kwa miaka. Mwandishi Mskoti Grant Morrison alimrudisha mwishoni mwa miaka ya 1980 katika Animal Man, na alichomfanyia ni kitendo ninachokiheshimu kuliko vyote katika habari za shujaa huyu: akamvua kofia na kumkabidhi Dominic Mndawe, Mwafrika Kusini anayepigana na ubaguzi wa rangi. Jina la "bwana" likafutwa. Mrithi akaitwa Freedom Beast.

Komiki iliyotoka miguuni pa Meru yenyewe

Hii haina mtu wa kuruka angani, lakini siwezi kuiacha. Kati ya mwaka 1960 na 1961 mwongozaji Howard Hawks alileta kikosi chake cha sinema Momella, upande wa mashariki wa Mlima Meru, akiwa na John Wayne na Mjerumani Hardy Krüger. Wakapiga picha za ukamataji wa vifaru, twiga na nyati, waigizaji wakiwa ndani ya magari yenyewe. Filamu ikatoka 1962 ikiitwa Hatari!, na mwanzoni mwa 1963 kampuni ya Dell ikaitoa kama komiki ya rangi. Krüger aliipenda Momella kiasi cha kununua shamba palepale.

Kwa mkusanyaji wa Arusha, hiki ndicho kitabu cha kwanza cha kutafuta. Mtoto wa Chicago aliyetoa senti zake mwaka ule alirudi nyumbani na neno zima la Kiswahili juu ya jalada, na ndani yake vumbi la mahali ambapo leo unafika kwa daladala na mwendo kidogo wa gari.

Chui wa karatasi na chui wa Imbaseni

Black Panther, yaani T'Challa mfalme wa Wakanda, ndiye shujaa wa kwanza Mweusi wa kampuni kubwa za komiki za Marekani mwenye nguvu kupita watu wa kawaida. Stan Lee na Jack Kirby walimtoa katika Fantastic Four namba 52, Julai 1966. Wakanda imehamishwahamishwa kwenye ramani za Marvel, lakini mara nyingi huangukia Afrika Mashariki, kaskazini huko karibu na Ziwa Turkana.

Miezi mitatu baadaye, Oktoba 1966, vijana wa Oakland, California, walianzisha chama cha siasa chenye jina hilohilo. Hawakulitoa kwenye komiki: chui mweusi alikuwa tayari nembo ya chama cha wapiga kura Weusi wa Lowndes, Alabama. Jina moja likawa na wenyewe wawili, na serikali ya Marekani ilipowasaka wanachama wa chama hicho, wachapishaji wakaingiwa na hofu. Katika Fantastic Four namba 119, Februari 1972, T'Challa anatangaza kwamba sasa anaitwa Black Leopard. Jina hilo halikudumu.

Mwaka huohuo wa 1972, chui wa kweli alifika Tanzania. Pete O'Neal, aliyekuwa mwenyekiti wa Black Panther katika Jiji la Kansas, alikimbia Marekani mwaka 1970, akapitia Sweden na Algeria, hatimaye akaja huku na mkewe Charlotte. Wakajenga Imbaseni, Meru, na mwaka 1991 wakaanzisha pale kituo cha jamii cha UAACC, ambacho vijana wengi wa eneo letu wamejifunza humo lugha, kompyuta na sanaa. Charlotte O'Neal ndiye huyo Mama C, mshairi na mwanamuziki.

Ninapolishika toleo la 119, hilo ndilo ninalolifikiria. Shujaa wa karatasi, mwenye ufalme na madini ya ajabu, alibadilishwa jina kwa hofu, wakati mtu wa nyama na damu aliyelibeba jina hilo alikuwa anatafuta mahali pa kuweka tofali. Tukiulizwa Chui Mweusi aliyefika karibu zaidi na kilele cha Meru ni yupi, jibu la Arusha liko Imbaseni.

Jina lililopishana zaidi na mwenye nalo

Mei 1975 Marvel ilitoa Giant-Size X-Men namba 1, kazi ya Len Wein na Dave Cockrum, na ndani yake mwanamke anayeongoza mvua, upepo na radi. Jina la kazi ni Storm, dhoruba. Jina lake la kuzaliwa ni Ororo. Mama yake ni N'Dare, binti wa ukoo wa kifalme wa Kenya. Profesa X, kiongozi wa X-Men, anapokuja kumtafuta, anamkuta Kenya akiwaitia mvua wanakijiji wanaomwabudu, na komiki za baadaye zinataja Kenya na Serengeti kwa pumzi moja kana kwamba hakuna mpaka katikati.

Sasa lisikie jina hilo kwa sikio letu. Ngozi nyororo, mkono mwororo, ua jororo: kwetu neno hilo ni la ulaini. Mwanamke anayepasua mbingu kwa radi anaitwa Laini. Msomaji wa Marekani hakuweza kuliona hilo, na mimi sijui jina lingine katika komiki zote za mashujaa ambalo Kiswahili kinalipa uzuri ambao haumo kwenye lugha ya kitabu chenyewe. Kwa maoni yangu Storm ndiye mwanamke Mweusi maarufu kuliko wote katika fani hii, na kwa sisi tunaohesabu masika na vuli, kipaji chake ndicho tungekichagua cha kwanza.

Yuko pia Vixen, aliyeanza katika Action Comics namba 521 ya Julai 1981. Majina yake kamili ni Mari Jiwe McCabe. Jiwe, hivyohivyo.

Wa kwanza, na mkataba mbaya kuliko yote

Haraka haraka, maana haya yanajulikana. Phantom wa Lee Falk, mwenye nguo ya kubana na barakoa, alianza magazetini tarehe 17 Februari 1936, miaka miwili kabla ya Superman, na mkanda wake wa picha unaendelea hadi leo. Superman alitokea katika Action Comics namba 1, Juni 1938, senti 10. Batman akafuata Mei 1939.

Waliomuumba Superman, Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland, waliuza haki zote kwa dola 130. Walizeeka wakihangaika, hadi mwaka 1975 kampuni ilipokubali kuwalipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka. Hundi ile ya mwaka 1938, karatasi tupu iliyokwisha kutumika benki, iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000. Msanii yeyote wa Arusha anayeletewa mkataba na kuambiwa atie sahihi leoleo, autafute kwanza mfano huu.

Ya maisha mafupi kuliko zote, kwangu, ni All-Negro Comics. Mwandishi wa habari Orrin C. Evans wa Philadelphia aliitoa Juni 1947, ikiandikwa na kuchorwa na Weusi watupu, bei senti 15. Ndani yake alikuwamo Lion Man, msomi Mmarekani Mweusi aliyetumwa Afrika kulinda madini ya hatari, karibu miaka 20 kabla ya T'Challa. Evans aliandaa toleo la pili. Hakuna aliyekubali tena kumuuzia karatasi za kuchapia, na gazeti likafia hapo, toleo moja tu.

Aliyesomwa zaidi huku kwetu

Si Superman wala Batman. Muulize mzee wa Arusha aliyekuwa kijana mwaka 1970, atakujibu kwa neno moja: Spear.

Lance Spearman alikuwa mpelelezi Mweusi mwenye kofia ya panama, tai ya kipepeo na sigara kubwa mdomoni, anayeendesha gari la Corvette Stingray. Hadithi zake zilikuwa za picha za kamera, zenye maneno ndani ya maputo kama komiki ya kuchorwa, katika gazeti la African Film la kampuni ya Drum, lililotoka tangu 1968 hadi 1972. Aliigizwa na Jore Mkwanazi. Alikuwa na msaidizi Sonia, kijana Lemmy, na rafiki polisi, Kapteni Victor. Maadui zake walikuwa wa kutisha kweli, na Rabon Zollo ndiye aliyewanyima watu usingizi. Kampuni hiyohiyo ilikuwa na gazeti la Boom, la Fearless Fang, mtu wa msituni wa aina ya Tarzan, ila huyu ni Mwafrika.

Spear hana uwezo wa kuruka, na risasi ikimpata inamwumiza. Namweka katika orodha hii ya mashujaa bila kusita kwa sababu ya alichokifanya kwa macho ya wasomaji. Kabla yake, kijana wa Kaloleni au Levolosi aliyetaka steringi alilazimika kumwazima mzungu. Hapa alikuta mtu wa rangi yake anayevaa vizuri, anayempiga adui na kurudi mzima wiki inayofuata. Kilichotengenezwa kusini mwa Afrika, chini ya kivuli cha makaburu, kilipata wasomaji wake wakubwa katika nchi zilizokwisha kujitawala.

Nikiwa darasa la nne nilikuta nakala sita za African Film katika sanduku la bati la mjomba wangu, Ngarenaro. Tatu hazikuwa na majalada. Moja ilikatika mwisho, Spear akiwa amefungwa kamba na maji yanapanda, na mjomba akanisimulia alivyotoka humo kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyefungwa. Sanduku lile halipo tena. Mchwa walianza, kisha kilichobaki kikauzwa pamoja na magazeti mengine kwa mama wa maandazi.

Mbegu ya Spear iliota Kiswahili. Faraji Katalambula, ambaye riwaya yake Simu ya Kifo ilikuwa imetoka 1965, alichapisha Film Tanzania, gazeti la hadithi za picha zilizoigizwa na watu wetu na kuzungumzwa kwa lugha yetu. Baadaye Elvis Musiba akatupa Willy Gamba, steringi asiye na picha hata moja, ambaye kila msomaji alimchora mwenyewe kichwani.

Waliodumu

Kwa Afrika Mashariki, bingwa wa umri ni Juha Kalulu wa Edward Gitau, Mkenya aliyeanza kumchora miaka ya 1950 na kumweka mbele ya wasomaji wa Taifa Leo kwa zaidi ya nusu karne. Kwetu alikuwapo Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960.

Miaka ya 1980 ilipofika, fedha za kigeni zikiwa adimu na magazeti ya nje hayaonekani, likaja Sani. Waanzilishi wake walikuwa Said Bawji na Nico ye Mbajo, na jina la gazeti limeungwa kutoka majina yao. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Dokta Love Pimbi, Komredi Kipepe, Madenge: hawa hawakuokoa dunia. Walidanganya, walikopa, walifumaniwa, na nchi nzima iliwafahamu. Philip Ndunguru, mchoraji aliyewapa wengi wao sura, alizaliwa 1962 na kufariki 1986. Kwa mstari wa kalamu, namweka juu kuliko mchoraji yeyote wa vichekesho tuliyewahi kuwa naye. Miaka michache ile ilitosha kuwafundisha wachoraji wote waliomfuata.

Ghali kuliko zote, na nadra kuliko zote

Mwaka 2010 Action Comics namba 1 ilikuwa komiki ya kwanza kuuzwa kwa dola milioni moja. Aprili 2024 nakala nyingine yake ilifika dola milioni 6. Kisha Novemba 2025 toleo la kwanza la Superman, la mwaka 1939, likauzwa Marekani kwa dola milioni 9.12, zaidi ya shilingi bilioni 20, na kuzivunja rekodi zote za minada ya komiki zilizokuwapo. Ndugu watatu waliikuta darini katika nyumba ya marehemu mama yao huko San Francisco, ndani ya boksi, chini ya magazeti makuukuu. Wataalamu waliipa daraja la 9.0 kati ya 10, na wakaishukuru hali ya hewa ya baridi ya kaskazini mwa California kwa kuitunza.

Upande wa pili iko X-Men namba 1 ya mwaka 1991, ya Chris Claremont na Jim Lee. Iliuza nakala zaidi ya milioni 8, rekodi ya dunia ambayo haijafikiwa, na leo unaipata kwa bei ya chakula cha mchana, kwa sababu kila aliyeinunua aliiweka. Action Comics namba 1 ilichapwa kama nakala 200,000 na inakadiriwa zimebaki kama 100. Nyingine zilisomwa zikachanika, zikatupwa, zikakusanywa na watoto kuwa karatasi chakavu wakati wa vita. Bei hupanda juu ya mgongo wa zile zilizopotea.

Kwa kipimo hicho, komiki nadra kuliko zote katika orodha yangu haiko kwenye mnada wowote. Nimewaona wauzaji wa vitabu vya mitumba wa mjini wakiwa na Superman wa miaka ya 1980, na Spider-Man aliyekuja ndani ya robota la nguo. Nimemaliza miaka mingi nikizunguka kwao, na Film Tanzania sijaishika hata moja. African Film yenye jalada nimeipata mara mbili. Sani za siku za Ndunguru, zilizopita mikononi mwa watu wengi kuliko gazeti lolote la vichekesho nchini, zimekwisha kwa sababu hiyohiyo: zilipita mikononi mwa watu wengi.

Karatasi ya gazeti ina asidi yake yenyewe. Mwanga na joto huifanya manjano, kisha ikakatika kama mkate mkavu. Pwani, chumvi na unyevu huila haraka zaidi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari na Julai yetu ni ya masweta, kwa hiyo kama kuna mji Tanzania ambao magazeti haya yangeweza kulala miaka 50 na kuamka salama, ni huu. Yapo bado, naamini, Sekei, Sakina, Tengeru, Poli, kwenye masanduku ya babu waliokuwa vijana wa tai za kipepeo.

Ndugu wasomaji, kabla hamjagawana vitu vya marehemu au kuuza magazeti kwa kilo, fungueni kila sanduku mpaka chini. Mkikuta African Film, Boom, Film Tanzania au Sani ya zamani, msiigundishe kwa selotepu. Toeni pini zilizoota kutu, lazeni kila toleo ndani ya bahasha safi, boksi likae juu, mbali na ukuta unaovuja na mbali na dirisha. Andikeni kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni, nani aliinunua na mwaka gani kama yupo anayekumbuka. Kisha pigeni picha kila ukurasa, pamoja na zile zilizochanika.